Je, Yafaa Kuzitunza Silaha za Vita?

Siku moja mzee mmoja wa hapa Magomeni alinikuta nikiwaeleza watoto habari za Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, jinsi ilivyo leo nyumba ya makumbusho, na jinsi mizinga ya kale ilivyowekwa huko watu waitazame. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, chuma kilichoua watu chatunzwa kwa nini? Mbona hakikuyeyushwa kikafanywa majembe?" Watoto wakacheka, walakini mimi sikucheka, maana niliona ya kuwa sina jibu. Swali hilo nimekaa nalo siku nyingi, na sasa nalileta kwenu, wasomaji, tulifikiri pamoja.

Kwanza tuijue ngome yenyewe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya fundi Mwitalia jina lake Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari. Wakaiita kwa jina la Bwana wetu. Na neno hili peke yake lamtosha Mkristo kufikiri, kwamba jina lake yeye aliyemwamuru Petro aurudishe upanga alani limetiwa juu ya nyumba ya mizinga. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza, aliwageukia akaitwaa ngome, na Wakristo wengi wakauawa. Mwaka 1698 ikaangukia mikononi mwa Waarabu wa Omani. Waingereza nao wakaifanya gereza tangu 1895 mpaka 1958, na mwaka 1962 ikawa makumbusho.

Wako wasemao kwamba nyumba ya namna hii huwafundisha vijana kupenda vita. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala tusilikatae upesi. Mwonyeshe mtoto mzinga, naye atakuuliza risasi yake yafika wapi. Hatakuuliza ilimwangukia nani. Chuma kina fahari yake machoni pa watu, na damu iliyomwagika nacho imekwisha kukauka zamani. Tukiweka mizinga na panga peke yake, mzee wangu ameshinda, na afadhali tuite mhunzi.

Lakini je, kusahau ndiyo dawa? Huko Mikindani, karibu na kwetu, liko boma lililojengwa na Wadachi mwaka 1895, na baada ya miaka mingi likatengenezwa likawa nyumba ya kulala wageni. Sina ugomvi na jambo hilo. Nyumba yenye taa na wageni ni bora kuliko gofu lenye popo. Ila ukuta uliopakwa chokaa hausemi neno, na mtoto apitaye chini yake hajui ulijengwa kwa amri ya nani wala kwa jasho la nani. Kunyamaza huko si amani. Mtu asiyejua jinsi babu zake walivyoingizwa katika vita ataingizwa tena kwa maneno yale yale.

Basi nikarudi katika habari za ile ngome, nikatafuta kitu ambacho si chuma. Nikakipata katika vita vya Waomani, walipoizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, yaani miezi 33. Waliokufa mle ndani wengi hawakuuawa na mizinga. Waliuawa na maradhi. Mwezi wa Agosti 1697 akafa jemadari wa Wareno, baada ya askari wake. Habari zilizoandikwa zasema kwamba ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, na jamaa zake 17, na wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioilinda mpaka merikebu za msaada zilipofika mwezi wa Septemba.

Wanawake hamsini! Nimesoma habari za ngome hii mara nyingi, nami nilipita juu ya neno hilo kama mtu apitavyo juu ya jani. Majina ya majemadari twayajua, na la fundi aliyechora ramani twalijua. Wanawake wale wamepewa hesabu tu. Walipika nini katika siku zile za mwisho? Nani aliwazika watoto? Mbele ya ngome hiyo ilizama merikebu San Antonio de Tanna mwaka 1697, nayo ilikuja kuwaokoa waliozingirwa. Tangu 1977 mpaka 1980 wapiga mbizi wakatoa humo vitu vingi, na vyombo vya udongo pia. Mimi nadhani mtu akisimama mbele ya chungu kimoja na kukumbuka watu wenye njaa waliokuwa wakikingojea, atajifunza vita ni nini kuliko akihesabu mizinga kumi.

Siku nyingine nikamwendea mzee nikamweleza haya yote. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, wanawake wako wamepata hesabu. Babu yangu hakupata hata hesabu." Ndipo nilipofahamu swali lake lilitoka wapi. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 majeshi yalipita katika nchi hii yetu ya kusini. Oktoba 1917 yakapigana Mahiwa, na mwezi uliofuata Wadachi wakauvuka mto Ruvuma. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara na njaa. Hata hivyo, Dar es Salaam sanamu ya mwaka 1927 ni ya askari mmoja na bunduki yake yenye singe. Mpagazi hakusimamishwa pale.

Nikamwuliza, "Mzee, unalijua jina lake?" Akasema, "Nalijua. Na mzigo wake naujua, maana mwenzake alirudi akatusimulia. Ulikuwa unga, wala hakuruhusiwa kuula." Nikaenda kuleta daftari la shule, lile la mahudhurio, maana sikuwa na jingine, nikamkuta bado amekaa pale pale akiningoja.