Siri ya Ukoo na Ngoma ya Mfalme

Wapo walimu wenzetu wanaoona kwamba hadithi ya kijana anayefukua siri ya ukoo wake, akajikuta ni kitukuu cha mfalme, ni burudani isiyo na madhara. Nasi tulikuwa na fikira hiyo, hata siku tulipowapa wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Busanza, pande za Kanombe katika jiji la Kigali, insha ya namna hiyo. Tuliwataka waunganishe siri ya nyumbani kwao na habari za ufalme wa kale wa Rwanda. Karatasi zikarudi. Karibu wote walikuwa wana wa wafalme waliopotea. Hakutokea hata mjukuu mmoja wa mchota maji. Msichana mmoja alileta karatasi yenye jina lake tu. Tulipomwuliza, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, bibi amesema hayo hayaandikwi."

Basi tukabaki na swali: mtunzi ana haki gani juu ya siri ya watu?

Kwa upande wa wafalme, jibu si gumu. Siri zao zilikuwa mambo ya nchi. Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alimweka mkewe Kanjogera awe mama wa mfalme kwa Rutarindwa, mrithi ambaye hakumzaa. Mwaka 1896, huko Rucunshu, Kanjogera na nduguye Kabare walimpindua Rutarindwa, akatawazwa Musinga, mwana wa tumbo la Kanjogera, naye angali mtoto. Husimuliwa kwamba Rutarindwa aliangamia motoni ndani ya nyumba yake. Hayo ni mambo ya jikoni na ya dola kwa pamoja, wala hatuoni mtunzi wa vijana anayehitaji kuongeza chumvi. (Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba katika Kinyarwanda neno *ingoma* ni ngoma ipigwayo, na ni utawala pia.) Hata maneno ya miiko ya ufalme, ambayo abiru waliyahifadhi vichwani wakigawana ili asiwepo mgeni wa kuyajua, sehemu yake kubwa ilichapwa kitabuni mwaka 1964. Mfalme hana tena cha kuficha.

Bibi anacho. Tangu miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 karatasi hiyo ilikuwa hukumu ya kifo vizuizini. Katika nchi iliyopitia hayo, kumwuliza mtoto "babu yako alikuwa nani?" si zoezi la sarufi. Tena Busanza ni mtaa uliopokea familia nyingi zilizohamishwa kutoka pande nyingine za jiji. Jirani hamjui jirani ila kwa yale anayopenda yeye mwenyewe kuyasema. Sisi tuliliuliza swali lile tukiwa na chaki mkononi na alama za kutoa.

Hapo tulimkumbuka Adili, katika *Adili na Nduguze*, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, ambacho wengi wetu tumekifundisha bila ya kusita. Adili ana manyani wawili anaowachapa kila usiku kwa uchungu mkubwa. Mfalme Rai anapopata habari anamtaka aeleze, na Adili anaeleza: wale ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Siri inatoka, na ndugu wanarudi kuwa watu. Kwa miaka tumewaambia wanafunzi kwamba hapa ukweli umeponya. Ni kweli, umeponya. Lakini hatukupata kuwauliza kama Adili angaliweza kumkatalia mfalme. Na mwalimu mbele ya darasa, tumkatalie tusimkatalie, ni Rai mdogo.

Hatusemi kwamba hadithi za aina hii zifungiwe kabatini. Kijana asiyesimuliwa hujitungia mwenyewe, na aghalabu hujitungia kiti cha enzi. Linalotuudhi katika nyingi ya hadithi hizi ni kwamba siri ikifichuka humpa kijana cheo, kana kwamba utu wake ulikuwa ukingoja damu ya mtu fulani. Siri ya Adili haikumwongezea cheo. Ilimwonyesha aliyokuwa akiyafanya usiku, na ya kuwa aliowachapa ni nduguze. Kijana anayegundua kwamba babu yake alikuwa upande wa waliotia moto ana kazi nzito zaidi kuliko yule anayegundua taji, na riwaya yake ina sababu ya kuandikwa.

Muhula uliofuata tulibadili zoezi. Majina na miaka ya wafalme yawe ya kweli. Familia iwe ya kubuni, na asiulizwe mtu imetoka wapi. Yule msichana aliandika kurasa nne juu ya mtumishi wa kike aliyeteka maji jioni ile ya Rucunshu, akauona moshi, akasimama na mtungi kichwani asijue aukimbilie moto au aukimbie. Hakutueleza kama bibi aliisoma.