Kinywa cha Maskini na Elimu ya Tabibu

Limeletwa katika darsa zetu swali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa neno moja. Mtu amepotewa na magego ya upande mmoja. Hawezi kutafuna nyama wala mkate mkavu, na kila akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Jino la kupandikiza, lile ambalo tabibu hulikaza ndani ya mfupa wa taya kwa skrubu ya titaniamu, bei yake imempita. Kisha akaambiwa: utafanyiwa kazi hiyo bila ya malipo, kwa sharti uingie katika utafiti, utapigwa picha, utapimwa ufizi kila baada ya muda, na khabari zako zitaandikwa pamoja na za wenzako. Je, yafaa akubali? Na akikubali, kukubali kwake ni ridhaa ya kweli, au ni dhiki yake tu iliyosema?

Wako ambao jawabu yao i tayari: mwili ni amana, na amana haijaribiwi. Sisi hatuoni hivyo. Mwili ni amana kweli, lakini kuitunza amana ndiko kunakotaka tiba, na tiba haikupata kujulikana ila kwa kujaribu. Wenye kusoma wanakijua kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Alijifanyia pua ya fedha ikamharibikia kwa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha afanye ya dhahabu. Mafakihi wakaitegemea khabari hii katika kumruhusu mwanamume jino la dhahabu akiwa na haja nalo. Lakini aghalabu kisa hiki husomwa kwa ajili ya hukumu ya dhahabu tu, na jambo la pili likapitwa: kwamba madini yalijaribiwa katika mwili wa mtu, yakashindwa, yakabadilishwa kwa mengine kwa sababu ya kule kushindwa, wala Arfaja hakulaumiwa kwa kujaribu. Na az-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi hata mwanzo wa karne ya 11, ameeleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kuchonga jino katika mfupa wa ng'ombe likawekwa mahali pa lililong'oka. Basi mlango huu si mgeni kwetu, ijapokuwa tumekaa muda mrefu bila ya kuupita.

Mwaka 1952 tabibu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa chombo kidogo cha titaniamu. Alipotaka kukitoa chombo chake hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekikamata hata vikawa kama kitu kimoja. Hakukimbilia vinywa vya watu. Alikaa miaka mingi na wanyama, akajaribu madini hayo katika miili ya wanafunzi waliojitolea wenyewe, na mwaka 1965 ndipo alipompandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, na kazi ile ingali ikimtumikia, baada ya miaka 41. Wengi katika matabibu wa meno hawakumsadiki Brånemark mpaka ulipofanywa mkutano wa Toronto mwaka 1982. Mtu wa Kisauni au Changamwe anayetafuna leo kwa jino la skrubu, anatafuna kwa sababu Larsson alisema ndiyo wakati ambapo hakuna aliyejua mwisho wake. Basi anayesema kwamba utafiti wote ni dhulma, naye akaketi kungoja matunda yake, hakufanya insafu.

Lakini nchi hiyohiyo ina khabari nyingine. Katika mji wa Lund, ambako Brånemark alisomea utabibu, palikuwa na hospitali ya Vipeholm ya watu wenye upungufu wa akili. Serikali ilitaka kujua kwa yakini ni kitu gani kinachoozesha meno, na wagonjwa wa Vipeholm wakafanywa chombo cha kujulia. Baina ya mwaka 1947 na 1949 baadhi yao walilishwa tofi zilizotengenezwa makusudi ili zinate menoni, kundi moja likipewa tofi 24 kwa siku. Sehemu ya gharama ilitolewa na wenye biashara ya sukari na peremende. Meno ya wengi yakaharibika. Hawakuulizwa, na wengi wao lau wangaliulizwa wasingaliweza kujibu. Na ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu matabibu wa Hitler ilikuwa imeweka kanuni kumi za majaribio juu ya watu, na ya kwanza yao ni ridhaa ya mwenye mwili.

Matokeo ya Vipeholm yalitangazwa mwaka 1954, nayo ni ya kweli: sukari inayonata, na inayoliwa baina ya chakula na chakula, hudhuru meno kuliko ile inayoliwa pamoja na chakula. Kila mzazi anayemkataza mtoto wake peremende za mchana kutwa anaitumia elimu hiyo. Je, yafaa kuitumia?

Hapa darsa iligawanyika, na ubishi ukawa mrefu. Sisi twapima hivi. Mtu akisali katika ardhi ya kunyang'anywa, madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, husema sala imesihi na dhambi ya unyang'anyi imebaki shingoni mwa mnyang'anyi. Mahanbali wamejulikana kwa kusema kwamba haikusihi. Elimu ya Vipeholm twaiona kama sala ile: imesihi, na dhambi imebaki. Kuitupa hakumrudishii mtu jino hata moja. Ila ardhi hurudishwa kwa mwenyewe, na wale wameshakufa na meno yao. Na mali ya dhulma ambayo mwenyewe hapatikani, wanavyuoni wamesema itolewe katika maslaha ya watu. Deni la Vipeholm basi ni la wale walio mfano wao: mwenye akili pungufu, mtoto, mfungwa, mzee asiyesikia vizuri, kila mtu ambaye katika hospitali zetu husemewa na mwengine. Anayeinufaikia elimu ile na huku akamdharau huyu, hajalipa kitu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akamwona mwengine kama yeye huko Jinja. Mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 katika Afrika ya Mashariki na kusini yake, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo waonekana huko. Vipande vilivyokatwa katika taya za watoto wa Uganda vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, kirusi cha kwanza cha binadamu kujulikana kuwa kina uhusiano na saratani. Kirusi kimebeba jina la Epstein na la Barr, na ugonjwa umebeba jina la Burkitt. Taya zilikuwa za watoto, na majina yao hayakubebwa na kitu.

Hata hivyo hatuiweki Mulago pamoja na Vipeholm, na msomaji atazame tofauti. Watoto wa Mulago waliletwa na wazee wao kutafuta dawa. Kisu kilipoonekana hakifai, Burkitt alijaribu dawa za saratani, na uvimbe wa baadhi ya watoto uliyeyuka wakapona. Faida ilirudi mahali ilipotoka. Vipeholm hakuna aliyetakiwa apone, alitakiwa aoze.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa magego. Mafakihi wamepambanua baina ya aliyelazimishwa na mwenye dhiki. Aliyewekewa upanga shingoni akauza nyumba yake, bei haikusihi. Ama aliyeuza kwa kuwa ana deni na mtoto mgonjwa, bei yake yasihi. Lakini mnunuzi aliyeijua dhiki hiyo akamkandamiza kwa thamani duni, huyo ndiye mwenye lawama. Mtu wetu ni wa namna ya pili. Kumwambia kwamba kwa kuwa yu maskini basi neno lake si neno, ni kumnyima ulimi baada ya kwisha kukosa meno. Ndiyo yake ni ndiyo. Lililobadilika ni kwamba mzigo umemhamia aliyeuliza: kadiri dhiki ya mgonjwa inavyozidi, ndivyo anavyozidi kuwajibika kutoificha khabari yoyote.

Na khabari hizo si chache. Katika utafiti mwingi wa siku hizi mgonjwa hachagui tiba wala tabibu hamchagulii. Hupigwa kura, huyu akapata skrubu ya namna mpya na yule ya zamani. Wako wanaoliita jambo hili kamari. Si kamari. Kura ina asili katika sharia, Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka safari. Lakini kura hufaa pale haki zinapolingana. Tabibu asiyejua kwa yakini ipi iliyo bora ana ruhusa nayo. Ama ajuaye kwamba moja ni duni akapiga kura vivyo hivyo, amemdhulumu kila aliyeangukiwa na ile duni. Na utafiti wa meno una ajabu yake: kinywa kimoja chaweza kugawanywa, kulia tiba hii na kushoto ile, mtu akawa ndiye kipimo cha nafsi yake. Wataalamu huipenda njia hii kwa kuwa mate ni yaleyale na chakula ni kilekile. Mwenye kinywa naye apaswa kujua mapema kwamba upande mmoja huenda ukamsumbua na mwengine ukamfaa.

Lakini lililo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lisilotajwa sana, ni muda. Dawa ya kunywa hutoka mwilini kwa siku chache. Skrubu haitoki. Hungojwa miezi kadhaa mpaka mfupa uikamate, ndipo jino liwekwe juu yake, na baada ya hapo inakusudiwa kukaa maisha. Utafiti una fedha zake na tarehe yake ya kufungwa. Taya la mtu halina tarehe. Baada ya miaka ufizi huweza kuvimba na mfupa ukaliwa polepole bila ya maumivu makubwa, khasa kwa mvuta sigara na mwenye kisukari kisichotulizwa. Kiungo kidogo kinachoshika jino huweza kulegea, na vifaa vya mtengenezaji huyu aghalabu haviingii katika kazi ya yule. Mtu wa Likoni atavuka kwa feri, wa Kisauni apite daraja la Nyali, wa Changamwe apite Makupa, wafike kisiwani waambiwe: kazi hii si yetu, na waliokufanyia wamekwisha kwenda zao. Je, huyu alitibiwa, au aliazimwa jino?

Brånemark na wenzake walitoa mwaka 1981 khabari za wagonjwa waliowafuata kwa muda wa miaka 15, na hiyo ndiyo iliyowalainisha waliokuwa wakimkanusha. Kumfuata mgonjwa miaka mingi kulikuwa wema na kulikuwa elimu, havikutengana. Kwa hivyo twaona kwamba atakaye kupandikiza kitu cha maisha katika mfupa wa mtu, na azma yake ni ya miaka miwili, amefanya mapatano mafupi kuliko kitu chenyewe, na mapungufu hayo yapasa kulipwa na yeye, si na mgonjwa.

Yamebaki mawili madogo. Utando na unga wa mfupa unaotumiwa kujaza taya lililopungua mara nyingi hutoka katika ng'ombe au nguruwe, na ziko namna nyingine zilizotengenezwa bila ya mnyama. Tabibu asiyeulizwa huenda asiseme, si kwa ubaya, bali kwa kuwa kwake yeye ni kitu cha kila siku. La pili ni lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Na karatasi ya Kiingereza yenye kurasa nyingi, ikasomwa haraka na mtu anayetazama saa, si maelezo.

Basi jawabu yetu ni kwamba yafaa akubali, lakini si siku ileile. Achukue karatasi aende nayo nyumbani, asomewe na mwanawe au jirani anayeijua lugha, na atazame mahali matatu: utando umetoka wapi, aweza kujitoa katikati asinyimwe matibabu, na siku jino likilegea baada ya utafiti kufungwa, ni mlango upi atakaoubisha na nani atakayelipa. Mahali pa tatu pakiwa patupu, arudi akaulize kabla ya kutia sahihi, na jawabu iandikwe.