Kwangu Mtihani, Kwake Adhabu



Ndugu zetu, mwaka 2020 watu wa Kisumu na ufuko wote huu wa ziwa waliona jambo ambalo wazee tu ndio waliowahi kuliona. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 hazikukoma, na ilipofika Mei ziwa likapanda hata likaipita kidogo alama ya 1964. Dunga maji yaliingia majumbani; Budalang'i mto Nzoia ukabomoa kuta zake; watu wa Kano wakahama na watoto wao. Nayo misikiti ilikuwa imefungwa kwa maradhi ya korona, hata tarawehe za Ramadhani ile tukaziswali majumbani.

Katika siku hizo nilikuwa barazani kwa mwenye duka mmoja. Ghala yake iliingia maji, mchele na sukari vikaharibika, naye ni mtu wa swala na sadaka. Tulipompa pole alisema kwa unyonge, "Alhamdulillahi, huu ni mtihani." Maneno mema hayo. Lakini chai haijapoa, akatajwa mama mmoja mchuuzi wa omena, ambaye kibanda chake kilichukuliwa na maji yale yale. Mwenye duka akasema, "Yule? Hiyo ni adhabu. Wanawake wa ufukoni twawajua."

Twawajua kwa nini? Sharia imetaka mashahidi wanne kwa neno kama hilo, na pale barazani hapakuwa hata mmoja. Palikuwa na mtu aliyepata hasara tu. Hofu ikimshika mwanadamu hutaka msiba uwe na sababu, na sababu hiyo isitoke nyumbani kwake. Basi humtafuta jirani wa kumtwika. Simtetei, lakini namjua, maana sote tu hivyo.

Mtume wetu (s.a.w.) alipatwa na dhiki kubwa kuliko ghala ya sukari. Bibi Aisha alirudi nyuma kuutafuta mkufu wake, msafara ukamwacha, na Madina ikajaa uvumi. Karibu mwezi mzima Mtume aliumia, akauliza, akashauriana, wala hakumhukumu, mpaka zikateremka aya za Suratun Nur kumtakasa. Waliohukumu haraka ni wale ambao jambo lenyewe halikuwahusu!

Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, kumsengenya mtu kumefananishwa na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Wanavyuoni wengi wamesema kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Yapasa kumwendea uliyemdhulumu.

Mimi siku ile sikusema neno. Nilitikisa kichwa tu, kama aliyekubali. Yule mama alijenga kibanda kingine, juu kidogo ya kile cha kwanza, na nyumbani kwetu twanunua omena kwake. Kila nikipita hunisalimu kwa heshima, nami huitikia na kwenda zangu.