Twapanda Motakaa kwa Ajili Gani?

Mtu wa Kingerikiti akiulizwa kwa nini anatafuta gari, jibu lake ni fupi. Ana magunia ya kahawa ya kufikisha sokoni, au ana mgonjwa, na milima haina huruma wakati wa masika. Kwake sababu ya safari na sababu ya gari ni moja. Hatuna neno la kumlaumu.

Lakini tutazame Dar es Salaam. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katika njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na kando yao, asubuhi na jioni, husimama misururu ya motakaa, nyingi zikiwa na mtu mmoja tu ndani. Wengine wana haki: mabasi hujaa mno, na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kugombea mlango. Hata hivyo wako wanaokaa katika foleni kwa sababu wasiyoikiri. Waona haya kuonekana kituoni. Wamekwisha kuamini kwamba angojaye basi ni mtu aliyeshindwa na maisha.

Ugonjwa huu si mpya. Baada ya uhuru wananchi waliwapa wakubwa wapenda anasa jina la Wabenzi, kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz waliyopanda. Jina hilo lilikuwa la dhihaka, lakini twadhani ndani yake mlikuwamo na wivu kidogo: si wote waliocheka waliochukia kiti kile.

Wala tusiseme kwamba jambo hili ni la mjini tu. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imeleta heri kubwa. Imeleta na majaribu yake. Kijana anauza kahawa ya mwaka mzima anunue pikipiki, huku nyumba ya mamaye ikivuja. Je, ametenda vibaya? Ikiwa pikipiki hiyo itawalisha wadogo zake na kumfikisha mzazi zahanati usiku, ametenda kwa busara. Ikiwa ameinunua kwa kuwa aliona haya kupita kwa miguu mbele ya wenzake, basi amenunua macho ya watu, na macho ya watu hayashibi.

Pikipiki ni ileile. Nia ndiyo iliyo mbalimbali. Na kila mmoja aweza kuipima nia yake kwa swali moja: kama asingeniona mtu yeyote, je, ningesafiri hivi?

Swali hili si dogo, maana aibu ya kutembea huzaa dharau kwa atembeaye. Aliyeikana miguu yake hamwoni tena bibi mwenye mzigo wa kuni kandokando ya njia. Humtilia vumbi akapita. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Yafaa basi, ndugu wasomaji, gari tulitumie kama jembe: tulishike wakati wa kazi, tuliweke kazi ikiisha. Hakuna avaaye jembe shingoni kwenda nalo harusini. Na kama kuna nafasi kitini, tusimame tumpakie bibi yule.