Je, Apewaye Hana Haki ya Kuchagua?

Husemwa mitaani kwamba apewaye hachagui. Neno hili twalikubali upesi lihusupo shati la mtumba, maana shati likitubana twaweza kumpa jirani. Lakini twasemaje linapohusu miguu ya mtu?

Viti vya magurudumu na magongo yaliyokwisha kutumika Ulaya na Marekani huletwa kwetu kwa meli. Nia ya watoaji ni njema, nasi hatuidharau, kwani asiye na kiti kabisa hushinda ndani, ama hutambaa. Hata hivyo, kiti kilichoundwa kwa ajili ya sakafu laini ya hospitali kina magurudumu madogo ya mbele, nayo huzama katika mchanga wa Pwani na kukwama katika tope la masika. Tairi likichakaa, fundi baiskeli wa kijijini hana la ukubwa ule. Kibaya zaidi, kiti kipana mno humpinda mtoto uti wa mgongo, na kisicho na mto ufaao humtia vidonda yule asiyehisi maumivu. Vidonda ambavyo huweza kumwua. Wema hauozi, walisema wahenga. Mpira wa gurudumu, kwa bahati mbaya, huoza.

Basi aliyepewa akinung'unika, je, ni mtovu wa shukrani? La hasha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka mtu huyo asaidiwe kwenda kwa namna na kwa wakati anaouchagua mwenyewe. Neno hilo la kuchagua lamfanya mpokeaji kuwa mtu wa kuulizwa, wala si ghala la kuwekea vilivyowachosha wengine. Katika hafla zetu za makabidhiano, zenye hotuba nyingi, ni nadra aulizwe lolote.

Kuuliza huko kuna ufundi wake, nao hufundishwa papa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kule Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981. Fundi humpima mtu upana wa nyonga, urefu wa paja, na kutoka goti hadi kisigino. Humwuliza kama njia ya kwake ni ya mchanga ama mawe, afanya kazi gani, na mlango wa choo una upana gani. Kiti cha mtumba chaweza kuushinda mtihani huo, kikarekebishwa, kikafaa. Kisipomfaa yeye, na kitafutiwe mwingine, hata kama picha za makabidhiano zimekwisha kupigwa.