Ukurasa wa 3 na wa 14

Chukua karatasi nne za A4, zipange vizuri, kisha zikunje zote pamoja katikati. Tayari una kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba: moja katikati, moja juu, moja chini. Sindano itoke nje kupitia tundu la katikati, irudi ndani kwa lile la juu, ishuke hadi la chini na kutoka tena, halafu irudi ndani katikati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Hicho ni kitabu. Kidogo, sawa, lakini ni kitabu.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Kinachokula miezi ni kuamua nini kiingie, hasa kama maneno unayoshona si yako.

Nazungumzia vitabu vya familia. Babu amefariki, ameacha meseji kwenye simu za watu, barua chache, daftari la madeni. Mjukuu mmoja anaamua kukusanya kila kitu, aprinti, ashone, jalada alivishe kitambaa cha shati la marehemu. Wazo tamu sana. Halafu anafika kwenye meseji ambazo babu alimtusi mjomba. Anafika kwenye zile za mama fulani ambaye nyumbani hatajwi, na mtoto wake.

Wakenya tuna kitabu kimoja ambacho karibu kila familia imewahi kuchapisha: programu ya mazishi. Karatasi inayong'aa, picha za rangi, na marehemu aliyekuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu. Hakuna marehemu mkali humo. Sote tunajua na tunasamehe, kwa sababu siku ya mazishi si siku ya kupiga hesabu. Lakini ni programu hiyo hiyo inayomfanya mtu asimame nyuma ya hema, asome orodha ya watoto wa marehemu, na jina lake halipo. Sheria ya Urithi, kifungu cha 29, inamhesabu mtoto kuwa mtegemezi wa marehemu, awe alikuwa akitunzwa naye au la. Programu haimhesabu.

Programu angalau ina kisingizio. Iliandikwa na kamati, usiku, huku bili ya mochari ikipanda. Kitabu cha kushona nyumbani hakina kamati wala haraka. Ukimwacha mtu nje, umemwacha wewe, kwa mkono wako, ukiwa umetulia.

Kuna watakaosema basi weka kila kitu, ukweli ni ukweli. Mimi sikubali. Meseji ya matusi ilikuwa na mwenyewe: mjomba. Yeye ndiye aliyeipokea, na pengine alishaisamehe au bado inamchoma, hatujui. Neno uliloambiwa peke yako ni amana, na kuirithi simu hakukupi ruhusa ya kuitangaza. Madeni vilevile. Kama fulani hakumlipa babu, kitabu cha wajukuu si mahali pa kumdai.

Lakini mtu si meseji. Kuacha maneno ya siri ni heshima. Kumwacha mtoto ni kusema hakuwahi kuwepo. Na hapa ufundi wenyewe unasaidia kufikiri. Katika lile fungu la kurasa 16, ukurasa wa 3 na wa 14 uko kwenye karatasi moja. Chana wa 3, na wa 14 unabaki ukining'inia, utadondoka siku yoyote. Ukimtoa yule mtoto wa 1988, lazima pia utoe sababu ya babu kuhamia Nakuru mwaka huo, na ile picha ambayo nusu imekatwa, na kwa nini nyanya hakuongea naye msimu mzima. Hadithi inaanza kuwa na mashimo ambayo watoto wetu watayajaza na uvumi.

Ndiyo maana napendelea uzi kuliko gundi. Kitabu cha gundi, kile wanakukatia na kukubandikia kwa maduka ya kuprinti huko tao, ukitaka kuongeza ukurasa unakiharibu. Cha uzi unakata fundo, unaingiza karatasi, unashona upya kwa matundu yale yale. Kinakubali kwamba hujui kila mtu.

Swali la nakala moja akae nayo nani pia si dogo. Siyu, kisiwani Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 watu walinakili na kujalidi Misahafu kwa mkono, baadhi ya nakala ziliwekwa wakfu: haziuzwi, hazirithiwi. Familia inaweza kujifunza hapo hata kama si ya Kiislamu. Kitabu kisiwe cha firstborn. Kiwe mahali ambapo hata yule wa nyuma ya hema anaweza kuja akakifungua.

Akitaka, lakini. Maana lazima aulizwe kwanza, na anaweza kukataa. Miaka yote hiyo hamkumtaja, sasa mnamtaka kwa sababu mradi wenu umependeza? Akisema hapana, picha zake na maneno ya mama yake yabaki kwake. Mwandike jina tu, panapostahili, kati ya ndugu zake, kama naye ameridhia hilo. Halafu ukunje karatasi moja tupu ndani ya fungu, na usiibandike jalada mpaka atakapojibu simu.