Nia njema hainawishi mikono

Mwaka 1847 mjini Vienna, Dk. Ignaz Semmelweis alibaini kuwa madaktari waliotoka kupasua maiti walikuwa wakiwapelekea wazazi mauti kwa mikono yao. Akaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Katika wodi hiyo, mwaka 1846 walikufa wazazi 11 katika kila 100. Mwaka 1848 hawakufika wawili. Hata hivyo wengi walimpinga: vipi mkono wa msomi uwe mchafu?

Kabla ya kujua, walikuwa na udhuru. Baada ya kujua, kilichobaki ni kibri.

Leo sote tunajua. Anayetoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa, awe daktari, muuguzi au sisi tunaokwenda kumjulia hali mgonjwa, asijitetee kwa nia njema. Mgonjwa ni amana. Udhu ni haki ya Mola. Kunawa wodini ni haki ya mja.